KIPANDIKIZI CHA CHAI HAKINA MIZIZI: JE, NI DAWA AU NI UDONGO?

Mkulima, huenda umeng'oa kipandikizi kimoja kitaluni ukakuta jani lingali kijani, lakini chini hakuna mizizi, ila uvimbe mweupe tu. Jirani atakuambia, "Nunua dawa ya mizizi." Kabla hujatoa fedha, soma maneno haya.

Dawa hiyo si uongo. Huitwa IBA, nayo hutengenezwa viwandani. Mwaka 1935 wataalamu wawili wa Marekani, Zimmerman na Wilcoxon, walionyesha kwamba huamsha mizizi katika vipandikizi. Kila mmea una kitu ndani yake kinachoamuru mizizi itoke, na dawa hii hufanya kazi kama hicho. Katika maabara watafiti huitumia kwa mimea midogo inayokuzwa ndani ya chupa, nao huipima kwa miligramu. Ikizidi, huzuia mizizi badala ya kuiotesha.

Lakini aina nyingi za chai huota mizizi bila dawa, mradi udongo uwe mchachu. Uchachu ukipungua, mahali ulipokata huvimba na mizizi hukawia au haitoki kabisa. Basi uvimbe ule mara nyingi ni dalili ya udongo mbaya, na dawa haiwezi kuugeuza udongo.

Nyinyi mlio katika mashamba ya skimu, kumbukeni kwamba huenda watu waliishi hapo kabla yenu. Palipokuwa nyumba au kambi ya vibarua pana majivu, na majivu huondoa uchachu. Chai ikipandwa hapo hugeuka manjano na kufa. Msichote udongo wa kitalu mahali hapo.

Fanya hivi:

1. Ondoa udongo mweusi wa juu, uchimbe ule wa chini. Upimwe kwanza. Kipimo cha pH kiwe kati ya 5.0 na 5.6.

2. Jaza udongo huo katika sentimita 8 za juu za mfuko. Usiutie mbolea wala samadi.

3. Kata jani moja pamoja na kijiti cha sentimita 3 hadi 4 chini yake, kutoka mti wa aina iliyothibitishwa, kama TRFK 6/8.

4. Mwagilia, funika kwa nailoni pasipo tundu, na uweke kivuli juu yake.

Ekari moja, kwa nafasi ya futi 4 kwa futi 2 na nusu, inataka miche 4,356. Kitalu kikiharibika, utangoja karibu mwaka mzima kupata miche mingine, na shamba litakaa bure. Kupima udongo ni kazi ndogo kuliko hasara hiyo. Mwulize Bwana Shamba wako, au peleka udongo kidogo kwenye Kituo cha Utafiti wa Chai, Timbilil, Kericho, kabla hujajaza mfuko wa kwanza.