Fahamu: Rubani hupataje njia bila GPS?

Oktoba 2025 Wizara ya Uchukuzi ya Qatar ilisimamisha kwa muda safari za baharini baada ya GPS kupata hitilafu. Kwa wanaorusha ndege za kivita za miaka ya 1940 kwenye kompyuta, katika michezo kama IL-2, kukosa GPS ni hali ya kawaida. Wanategemea zaidi dira, saa, ramani na kipimo cha mwendo.

Chukua ndege inayokwenda kilomita 480 kwa saa, yaani 8 kwa dakika. Dakika 12 zikipita imekata kilomita 96. Upepo wa ubavuni wa kilomita 40 kwa saa utakuwa umeisukuma pembeni kilomita 8. Kwa hiyo rubani huelekeza pua nyuzi 5 hivi upande unakotoka upepo. Hesabu hii ni nyepesi, lakini imeokoa marubani wengi.

Hata hivyo hesabu huweza kukosea kidogo, na hapo kuna mbinu nyingine. Chukua mfano wa Umm Salal, kaskazini mwa Doha, mji mkuu wa Qatar, iliyo kwenye jangwa tambarare. Minara ya Barzan, ya ulinzi wa zamani, ni miongoni mwa alama zake. Anayeitafuta Umm Salal akitokea baharini, mashariki, asiilenge moja kwa moja, kwa kuwa akiikosa hatajua iko upande gani. Alenge kusini mwake kwa makusudi. Akifika ufukweni hana haja ya kubahatisha: anajua iko upande wa kulia.