Ufalme wa Elmet na Tatizo la Mipaka Yake

Katika swali la vyanzo vya historia, watahiniwa wengi hutaja vyanzo na kuishia hapo. Ili upate alama zote, eleza kila chanzo kinathibitisha nini na kinashindwa kuthibitisha nini. Mfano mzuri ni Elmet.

Elmet ulikuwa ufalme mdogo wa Wabritoni, yaani wenyeji walioishi Uingereza kabla ya Waanglo-Saksoni kuingia. Ulikuwa katika eneo la mji wa Leeds wa leo. Mfalme Edwin wa Northumbria, aliyetawala mwaka 616 hadi 633, aliuteka na kumfukuza mfalme wake, Ceretic. Hakuna ramani yake iliyobaki. Je, mipaka yake hutafutwaje?

(a) Maandishi. Mtawa Bede, aliyekamilisha kitabu chake cha historia mwaka 731, anautaja msitu wa Elmet, lakini haelezi ulianzia wala kuishia wapi. Orodha ya kale ya makabila inawapa wakazi wa Elmet hida 600, na Mercia hida 30,000. Hida kilikuwa kipimo cha ardhi kilichotumika kukadiria kodi. Kwa hiyo orodha hii inaonyesha udogo wa Elmet, si mipaka yake.

(b) Majina ya mahali. Mashariki mwa Leeds kuna Barwick-in-Elmet na Sherburn-in-Elmet. Majina haya yanathibitisha kwamba sehemu hizo zilihesabiwa kuwa za Elmet. Hayathibitishi kwamba ufalme uliishia hapo.

(c) Akiolojia. Karibu na Aberford kuna matuta marefu ya udongo yenye mahandaki. Baadhi ya wataalamu huyaona kuwa ngome za mpakani. Hata hivyo, umri wake unabishaniwa: huenda baadhi yalichimbwa kabla ya Warumi kufika. Tuta lisilo na tarehe ya uhakika haliwezi kuthibitisha mpaka wa karne ya 7.

Zingatia: vyanzo vitatu vikikubaliana kuhusu kitovu cha ufalme, andika kitovu hicho kwa uhakika. Kuhusu kingo zake, tumia maneno kama "huenda" na "inakadiriwa", kisha toa sababu. Ukichora mstari wa mpaka bila ushahidi, umebuni, hujajibu swali.

Jipime: Kwa nini jina la mahali pekee halitoshi kuthibitisha mpaka wa ufalme? Toa hoja mbili.