Selimundu: Dawa Mbili Hujaribiwaje Pamoja?

Wazazi wenye watoto wanaougua selimundu huuliza iwapo dawa mbili zinashinda moja. Katika jaribio lililofanywa Marekani na kuchapishwa 2018, wagonjwa 230 walifuatiliwa kwa wiki 48. Theluthi mbili walikuwa wakitumia haidroksiyurea, nao wakaendelea nayo. Baadhi ya wagonjwa walipewa unga wa glutamini. Wengine unga unaofanana nao, usio na dawa. Waliotumia glutamini walipatwa na maumivu makali takriban mara 3 kwa wastani, wenzao mara 4. Tofauti ni ndogo, ila aliyekesha na mtoto hospitalini hataidharau.

Ukiombwa mtoto wako ajiunge na jaribio kama hilo, uliza kwanza iwapo ataendelea kupata dawa yake ya kawaida. Una haki ya kukataa, au kumtoa wakati wowote, bila kunyimwa matibabu.