NYAMBIZI YAKO YA KWANZA: CHAGUA KABLA HUJAZAMA

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mimi sikuuliza, na ndiyo sababu nyambizi yangu ya kwanza iko chini ya bwawa la kijijini kwetu hadi leo, imelala kwenye matope pamoja na pesa zangu zote za mayai.

Nyambizi ni chombo kinachosafiri chini ya maji. Ukilisikiliza neno lenyewe utamsikia mpiga mbizi ndani yake. Katika nchi kama Ujerumani, Uingereza na Marekani kuna watu wazima wenye wake na watoto ambao huunda nyambizi ndogo za mfano na kuziongoza kwa redio wakiwa wamesimama ukingoni mwa ziwa. Wana vyama vyao na siku zao za kukutana majini. Nilipoona picha zao roho yangu haikutulia tena.

Basi likizo ya Desemba nikaanza kazi. Nilichukua kipande cha paipu ya plastiki, sirinji kubwa ya mililita 60, mota mbili, na rimoti pamoja na kipokezi chake nilivyovitoa kwenye gari la kuchezea la binamu yangu (alikubali mwenyewe, msiniulize nilimpa nini). Siku ya siku tukaenda bwawani. Wee! Ilizama vizuri kama bata. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, lakini yangu haikurejea. Nilibonyeza kitufe hadi kidole kikauma, wapi! Ndugu yangu mdogo, wa gredi ya 5, akavua shati ili aingie kuitafuta. Hajui kuogelea. Maji yalikuwa yamemfika kiunoni wakati mzee mmoja aliyekuwa akinywesha ng'ombe alipopaza sauti: "We kijana, toka hapo! Plastiki utailipia na roho?" Tulirudi nyumbani kimya, kila mmoja na lake moyoni.

Shule zilipofunguliwa nilimwendea mwalimu wetu wa Fizikia, nikauliza, nikasoma. Kumbe nilikosea hata kabla ya kushika msumeno. Nilikosea katika kuchagua. Hebu nikueleze, ili wewe usiyapitie niliyoyapitia.

INAZAMAJE?

Mnaosoma Fizikia mnamkumbuka Archimedes, yule Mgiriki wa Sirakusa. Alifundisha kwamba kitu kikiwa majini husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji kinachoyaondoa mahali pake. Chombo kinachoondoa lita 2 za maji baridi husukumwa kwa uzito wa kilo 2. Kikiwa na uzito chini ya hapo, kinaelea. Kikizidi, kinazama. Kikiwa sawasawa, kinaning'inia katikati ya maji, hakipandi wala hakishuki.

Manahodha wa majahazi walilijua jambo hili zamani. Chombo kikiwa kitupu walikitia farumi, yaani mawe au mchanga wa kukipa uzito ili kisipinduke. Nyambizi nayo ina farumi, ila yake ni maji, na huingia na kutoka kwa amri ya mwenyewe.

UCHAGUZI WA KWANZA: TANGI AU MAPEZI?

Nyambizi za mfano ni za koo mbili. Ukoo wa kwanza ni wa tangi. Hizi huvuta maji ndani ya tangi ili zizame, na huyatoa ili zielee. Wengine hutumia pistoni inayovutwa na mota, kama sirinji yangu. Wengine hutumia pampu, na wengine gesi ya mkebe inayoyasukuma maji nje. Uzuri wake ni kwamba inaweza kusimama tuli chini ya maji. Ubaya wake ni kwamba tangi likijaa halafu pampu, betri au redio igome, basi, kwaheri ya kuonana.

Ukoo wa pili ni wa mapezi. Hizi hazina tangi. Hupewa uzito ambao huziacha zikielea kwa shida, mgongo tu ukionekana. Rafadha ikizisukuma kwa kasi, mapezi ya ubavuni huinamishwa na chombo huelekea chini, kama ndege inavyoshuka. Mwendo ukikatika, maji yenyewe huirudisha juu. Haiwezi kusimama chini ya maji, lakini ina vifaa vichache, gharama yake ni ndogo, na betri ikifa inakuja juu kukutafuta.

Kwa anayeanza na hana pesa za kuchezea, mimi nasema mapezi. Kama roho yako inataka tangi tu, usinunue lisilo na kifaa cha usalama, kile ambacho kikikosa mawimbi ya redio hulimwaga tangi chenyewe bila kungoja amri. Yangu haikuwa nacho.

UCHAGUZI WA PILI: UMBO

Nyambizi za zamani, kama zile za Wajerumani za Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, ni nyembamba na ndefu. Zilisafiri muda mwingi juu ya maji, na huko juu zinapendeza: mizinga, nyaya, vizuizi vya kushikilia mabaharia. Lakini kila kipambo ni kazi, na kila kilicho juu ya mgongo huongeza hatari ya kuyumba.

Mwaka 1953 Wamarekani waliteremsha majini USS Albacore, yenye umbo la tone la maji: nene mbele, nyembamba nyuma. Walitaka kujaribu chombo kilichoundwa kwa ajili ya kwenda chini, si juu. Umbo hilo liliingia katika USS Skipjack mwaka 1958, ambayo ilikuwa na rafadha moja tu nyuma. Nyambizi ya namna hii ina tumbo la kutosha la kuwekea betri na mota, haina vipambo vingi, na chini ya maji inasikia usukani. Ukiwa mwanagenzi, anza na tone.

UCHAGUZI WA TATU: UKUBWA

Hapa ndipo wengi tunapodanganyika tukidhani kidogo ni rahisi. Tufanye hesabu. Nyambizi ya Wajerumani ya aina ya VIIC ilikuwa na urefu wa mita 67.1. Ukiiunda kwa kipimo cha 1 kwa 72 utapata sentimita 93. Uzito nao hugawanywa kwa 72 mara tatu, yaani kwa 373,248. Ile ya kweli ilikuwa na tani 769 ikiwa juu na tani 871 ikiwa chini. Kwa hiyo mfano wake utakuwa karibu kilo 2.06 juu na kilo 2.33 chini. Tofauti ni gramu 270 hivi, na hayo ndiyo maji ambayo tangi lako linapaswa kuyabeba. Ni kama chupa ndogo ya soda. Mimi nilikuwa na sirinji ya mililita 60 na chombo kirefu kuliko hicho! Ndiyo maana hata ilipoelea ilikuwa ikionyesha pua tu.

Sasa punguza urefu huo nusu. Uzito haupungui nusu, unapungua mara nane, na tangi linakuwa la mililita 34 tu. Hapo hata gundi uliyoizidisha inaweza kukuharibia hesabu yote. Kubwa mno nalo ni tatizo: Gato ya Wamarekani, kwa kipimo hichohicho, ni mita 1.32, na matatu gani itakubali kuibeba? Chukua kati ya sentimita 80 na mita 1.

UCHAGUZI WA NNE: MAJI YAINGIE WAPI?

Unaweza kuziba mwili mzima usiingie maji, au ukaacha mwili uingie maji na ndani yake ukaweka bomba moja tu lililozibwa, lenye betri, mota na redio. Njia ya pili ndiyo nyepesi kwetu. Mwili hauhitaji kuzibwa, na bomba la mviringo lina mifuniko miwili tu ya kulinda kwa ringi za mpira.

Usidharau maji eti ni ya kina cha mita moja. Hapo tayari yanasukuma kwa gramu 100 juu ya kila sentimita moja ya mraba. Mahali pa kuchunga zaidi ni pale mtaimbo wa rafadha unapotokea nje. Paka grisi, kisha lizamishe bomba tupu kwenye karai. Ukiona viputo, usijipe moyo. Fungua, rekebisha, rudia.

Halafu panga uzito. Vitu vizito kama betri na risasi vikae chini, na vipande vya lile povu jeupe linalofungiwa televisheni vikae juu. Ukifanya kinyume, nyambizi itageuza tumbo juu kama samaki aliyekufa.

UCHAGUZI WA TANO: REDIO

Hili ndilo lililoniua mimi. Rimoti nyingi za siku hizi hutumia mawimbi ya gigahertzi 2.4. Hewani yanafika mbali, lakini maji huyameza upesi. Mara tu kipokezi kilipoingia majini, nyambizi yangu ilikuwa kiziwi. Sirinji ilikuwa imejaa, na amri ya kuimwaga haikufika. Wajuzi hutumia masafa ya chini kama megahertzi 27, 40 au 75, ambayo hupenya maji baridi kwa mita kadhaa. Ila kila nchi ina sheria yake juu ya masafa, kwa hivyo uliza kwanza. Nyambizi za kivita zenyewe hupokea habari kwa mawimbi ya chini sana, ya kilohertzi 3 hadi 30.

Wenzetu wa Mombasa na Lamu msinikasirikie, lakini maji ya chumvi hayafai. Chumvi huyazuia mawimbi hata ya masafa hayo ya chini. Sisi wa bara tuna maji baridi, ila na sisi tusijigambe: maji yetu mengi ni ya tope, na Naivasha kuna viboko. Mahali pazuri kuliko pote ni bwawa la kuogelea lenye maji baridi, baada ya kuomba ruhusa.

TAMATI

Mpenzi msomaji, sasa ninaunda ya pili. Ni ya mapezi, umbo la tone, sentimita 80, na ina kipokezi cha megahertzi 27 nilichokitoa kwenye gari la zamani kwa fundi wa jua kali. Nimeijaribu ndani ya pipa nyuma ya jikoni, na mara zote ilipoachiliwa ilirudi juu yenyewe. Pia nimefunga mshipi mgongoni mwake, na mwisho wa mshipi kuna chelezo cha chupa tupu. Ikigoma, nitavuta.

Ndugu yangu mdogo naye amepewa cheo. Yeye ndiye mlinzi wa mshipi, na kituo chake ni hatua kumi kutoka majini. Mama ndiye aliyezipima hatua hizo, na alizipima kwa miguu yake mwenyewe.

Kwa hayo machache, nasema chagua kwanza, kata baadaye. Na ikizama, iache. Nyambizi nyingine itaundwa.

Mwandishi ni mwanafunzi wa Kidato cha 3 na mwanachama wa Chama cha Kiswahili.