Watoto Wetu, Walimu Wao, na Siku za Karafuu



Ukurasa huu umezoea kuwaletea khabari za miche, za kuanika, na za mizani. Leo twaomba radhi kuutumia kwa jambo jingine, ambalo kwa fikira zetu halitoki nje ya shughuli za karafuu hata kidogo. Kwani mwenye shamba anapochuma, na mkewe anapochambua, mtoto wao mdogo hukaa na mtu. Twataka kusema juu ya mtu huyo, na juu ya mtoto huyo.

Msimu uliopita, siku moja ya kupeleka karafuu kituoni, sisi wenyewe tulikuwa katika safu ya kungojea mizani. Magunia yalikuwa mengi, na zamu yetu haikufika illa baada ya sala ya alasiri. Skuli ya maandalizi ya kijijini hutoa watoto saa tano na nusu. Sisi tulidhani mama yake mtoto amekwenda kumchukua, naye huko shamba alidhani tumekwenda sisi. Tulipofika skuli tulikuta watoto saba wangalipo, na mwalimu wao mmoja. Wa kwetu alikuwa amelala juu ya jamvi, na machozi yamemkaukia usoni. Mwalimu sauti ilikuwa imemkauka. Tulimtaka radhi, akatujibu kwa adabu, lakini jibu lake halijatutoka mpaka leo. Alisema: "Bwana Katibu, watoto hawanichoshi. Kinachonichosha ni kutojua mtakuja saa ngapi. Na wao wanalia kwa hilo hilo."

Tumelitafakari neno hilo siku nyingi, na tumesoma kidogo juu yake, tukaona kuwa mwalimu yule alilisema jambo zima kwa maneno machache.

Dhiki ya moyo, ambayo siku hizi huitwa msongo wa mawazo, si uvivu wala si deko. Ni kazi ya mwili. Mwanachuoni mmoja wa Marekani, Walter Cannon, alieleza mwaka 1915 namna mwili unavyojitayarisha kupigana au kukimbia unapoona hatari: moyo huenda mbio, pumzi huwa fupi, tumbo huacha kusaga chakula vizuri, na damu huelekea kwenye misuli. Mchumaji aliyesikia tawi likialika chini ya mguu wake aijua hali hiyo vyema. Khatari ikipita, mwili hurejea taratibu kama ulivyokuwa. Lakini dhiki ikikaa siku nyingi, homoni iitwayo kotisoli haitulii inavyopaswa. Usingizi huharibika, kumbukumbu hupungua, na maradhi hupata njia.

Kwa mtoto wa miaka mitatu, minne au mitano, jambo ni zito zaidi. Ile sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, ambayo ndiyo humsaidia mtu kujizuia na kupima mambo, kwake bado ni changa mno. Basi mtoto hana utulivu wake mwenyewe. Utulivu huuazima kwa mtu mzima aliye karibu naye. Dhiki fupi, kama kuachwa na mama asubuhi ya kwanza ya skuli, haimdhuru akiwapo mtu mpole wa kumshika mkono; bali humfunza kustahimili. Idhuruyo ni ile isiyokwisha na isiyo na wa kumtuliza. Na je, mwalimu ambaye mwenyewe moyo wake waenda mbio ataazimisha utulivu gani? Kisima kikavu hakitekwi maji.

Wazee wengi hudhani mtoto hana mawazo. Mawazo anayo, ila hana maneno ya kuyasema, na kwa hiyo mwili wake ndio usemao. Mtoto aliyekwisha acha kukojoa kitandani huanza tena. Aliyekuwa akisema sana hunyamaza. Aliyekuwa mpole hung'ata wenzake. Mwingine hulalamika tumbo kila asubuhi, na mwingine hashibi kubebwa. Mara nyingi hupigwa kwa mambo hayo, na kumpiga ni kuongeza kuni katika moto. Mwalimu naye anazo dalili zake: kichwa kumuuma kila siku, kukosa usingizi, kukasirika kwa jambo dogo, na kuiona asubuhi kama mlima.

Tusisahau walimu hawa ni nani. Wengi wao ni mabinti na mama zetu wa vijiji hivi hivi. Baadhi yao walipata mafunzo katika mpango wa madrasa za watoto wadogo, ulioanza Mombasa katika miaka ya 1980 na baadaye ukafika kwetu Zanzibar. Wengine hufundisha katika vituo vya Tucheze Tujifunze, ambavyo somo lake lilitungwa lifuatwe kwa redio. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliyaingiza maandalizi katika elimu ya lazima. Lakini katika vituo vingi vya kijiji mwalimu bado hutegemea ada ndogo tunayoitoa sisi wazee, na twajua wenyewe huitoa lini.

Yapo mambo ambayo mwalimu aweza kuyafanya, na tuliyaona kwa macho yetu tulipokwenda kukaa asubuhi moja skulini.

Kwanza, siku yao ina mpango usiobadilika. Watoto huimba, kisha hucheza nje, kisha uji, kisha hadithi, kisha kwenda nyumbani. Mtoto ajuaye kinachofuata moyo wake hutua.

Pili, watoto wakichafuka, mwalimu huwaambia: "Nusa karafuu, puliza uji." Wao huvuta pumzi kwa pua kama wanusao karafuu mbichi, kisha huitoa polepole kwa mdomo kama wapozao uji wa moto. Mchezo huu una maana, kwa kuwa pumzi itolewayo kwa urefu hupunguza mwendo wa moyo. Naye mwalimu huvuta pamoja nao, na faida huipata yeye vile vile.

Tatu, wapewa nafasi ya kucheza. Asidhani mtu kwamba hilo ni jambo la kigeni. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameeleza katika Ihyaa kwamba mtoto akitoka chuoni apewe ruhusa ya kucheza ili apumzike na taabu ya masomo. Na kwamba kumzuia mchezo na kumchosha kwa masomo siku zote kwaua moyo wake na kwapoteza ujanja wake.

Nne, hakuna bakora. Ibn Khaldun, katika Muqaddima aliyoiandika mwaka 1377, alitenga mlango mzima kuonya kwamba ukali kwa wanafunzi, khasa walio wadogo, huwadhuru: huwaondolea uchangamfu, na huwafunza uwongo na hila kwa khofu ya mkono wa mwalimu. Mwalimu aliyechoka ndiye aliye karibu zaidi na bakora. Kwa hiyo, kumpunguzia mwalimu mzigo ni kumlinda mtoto pia.

Sasa twafika kwetu. Mwalimu aweza kupumua atakavyo, lakini ikiwa watoto saba hawakuchukuliwa mpaka alasiri, pumzi haitamfaa kitu. Wahenga wamesema, mchuma janga hula na wa kwao. Sisi twachuma karafuu, lakini haraka zetu huliwa na watoto. Basi twawaomba wanachama mambo haya katika msimu ujao:

Kabla ya kupanda mkarafuu asubuhi, mtoto aambiwe kwa jina ni nani atakayemchukua, na mwalimu aambiwe hivyo hivyo. Mtu huyo afike kwa wakati. Akizuiwa, apige simu au atume mtu, hata kama ni kwa kuchelewa nusu saa.

Mtoto alale mapema. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, lasema mtoto wa miaka mitatu na minne ahitaji usingizi wa saa 10 mpaka 13 katika siku nzima, pamoja na ule wa mchana. Katika msimu twachambua usiku, taa zawaka, wageni waingia na kutoka, na watoto wakaa macho pamoja nasi. Wachambuzi na wakae uani au barazani, na mtoto apewe chumba chenye giza na kimya.

Ada ya mwalimu ilipwe kwanza, pale fedha za karafuu zinapopokewa, kabla ya mabati na kabla ya nguo za sikukuu. Mwalimu asiyejua atakula nini mwezi ujao hawezi kuwa mtulivu, hata akiwa na subira kama ya Nabii Ayub.

Kila kijiji kitoe mtu mzima mmoja wa kumsaidia mwalimu katika siku za mizani. Mabibi waliokwisha acha kazi ya shamba wapo, na hadithi wanazo. Mwalimu apate robo saa ya kukaa peke yake, anywe maji, asali.

Na likitokea jambo nyumbani, mwalimu aarifiwe. Kila msimu wapo wachumaji waangukao mikarafuuni. Mtoto ambaye baba yake amelazwa hospitali haji skulini kama alivyokuja jana. Mwalimu akijua, atamweka karibu naye. Asipojua, atamwona mkaidi.

Kwa upande wake, Katibu amekwisha iomba kamati ya Chama ikubali kwamba siku za mizani wazee wenye watoto wa maandalizi wapishwe mbele katika safu. Shauri hilo litaletwa katika mkutano mkuu, nasi twataraji hapana atakayelikataa. Kumpisha mwenzio ni dakika chache tu, na mtoto anayengoja juu ya jamvi hana saa ya kuzihesabu.

Sisi sote twajua kazi ya mkarafuu. Mche hutiwa kivuli, hupaliliwa, hungojewa miaka, na hapana mtu autikisaye kila siku kisha akataraji uote. Huyu wa kwetu, tangu siku ile, kila asubuhi hutuuliza: "Leo nani atanichukua?" Tumejifunza kumjibu, na tumejifunza kufika.

Wabillahi tawfiq.

Katibu wa Chama