Kutoka kwa Mtafiti hadi kwa Mbunge: Lugha ya Kuueleza Usonji

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoanza utotoni. Huathiri namna mtu anavyowasiliana na wenzake, anavyocheza, na anavyopokea sauti, mwanga au mabadiliko ya ghafla. Makala ya Leo Kanner ya mwaka 1943, iliyowaeleza watoto 11 nchini Marekani, ndiyo inayotajwa sana kama chanzo cha utafiti huu. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Hata hivyo, sehemu kubwa ya utafiti imefanyika katika nchi tajiri. Makala haya yanaeleza kwa nini jambo hili linatuhusu sisi walimu na wanafunzi wa Kiswahili hapa Uganda.

Kwanza, kazi huanzia kwenye maswali. Katika nchi zinazoendelea, watafiti wametumia kwa miaka mingi hojaji fupi ya maswali 10 ili kuwabaini watoto wenye ulemavu. Hojaji hiyo haikutungwa kwa ajili ya usonji. Watafiti wakiongozwa na Dkt. Angelina Kakooza-Mwesige wa Chuo Kikuu cha Makerere waliongeza maswali 13, yakawa 23, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2014. Funzo liko wazi: mtoto asiyeulizwa habari zake hahesabiwi, na asiyehesabiwa hapangiwi bajeti.

Pili, swali likikosewa katika tafsiri, jibu nalo hupotoka. Chukua swali, "Je, mtoto wako hukutazama machoni?" Katika jamii zetu nyingi mtoto hufunzwa kuinamisha macho mbele ya mkubwa. Mzazi akijibu "hapana", huenda anausifu adabu ya mwanawe. Afadhali kuuliza, "Akicheza na wewe na kufurahi, hukuangalia usoni?" Ndiyo maana tafsiri ya hojaji hurejeshwa katika lugha ya kwanza na mfasiri mwingine, kisha ikajaribiwa kwa wazazi wenyewe.

Tatu, umma unahitaji maneno yasiyotisha wala kudanganya. Tukisema "ugonjwa wa usonji unatibika", mzazi atauza ng'ombe kutafuta dawa isiyokuwapo. Kilicho kweli ni kwamba msaada wa mapema katika mawasiliano na stadi za maisha unaweza kumfaa mtoto. Aidha, "huambatana na" si sawa na "husababishwa na". Mwaka 1998 makala iliyohusu watoto 12 tu ilichapishwa Uingereza na kuzua hofu kwamba chanjo ya surua huleta usonji. Jarida liliifuta makala hiyo mwaka 2010. Mwaka 2019, utafiti wa watoto zaidi ya 650,000 nchini Denmark haukuona uhusiano wowote. Hata hivyo hofu ilikuwa imekwisha kuenea, na surua huua.

Nne, mtunga sera ana muda mchache. Mpeni ukurasa mmoja unaojibu maswali manne: tatizo ni lipi, linawagusa wangapi, tunaomba nini hasa, na nani atawajibika? "Serikali iwajali watoto wenye usonji" ni ombi jema, lakini halitekelezeki. "Walimu wa chekechea wafundishwe kuzitambua dalili, na kila wilaya iwe na mahali pa kuwapeleka watoto kupimwa" ni ombi linaloweza kuandikiwa bajeti na kufuatiliwa.

Ndugu walimu, tarehe 2 Aprili ni Siku ya Kimataifa ya Uelewa kuhusu Usonji, iliyoadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2008. Tunapendekeza wanafunzi wa tafsiri wachukue ripoti moja ya utafiti na kuiandika mara mbili: ukurasa mmoja kwa mbunge, na tangazo la dakika mbili kwa redio. Kisha waisome mbele ya mzazi mwenye mtoto wa namna hiyo, wamsikilize. Yeye ndiye msahihishaji wa mwisho.