Mchezo wa bure wenye mabilioni, na mlango wa India

BABATI. Mfanyabiashara aliyekuwa na mbaazi ghalani mwaka 2017 hawezi kuusahau mwezi Agosti wa mwaka huo. Tarehe 5 serikali ya India ilitangaza kwamba mbaazi zitakazoingia nchini humo zisizidi tani 200,000 kwa mwaka wa fedha. Bei ambayo msimu mmoja au miwili kabla ilitajwa kwa maelfu ya shilingi kwa kilo ikaanza kutajwa kwa mamia. Wenye mzigo walibaki nao, na waliokopa ili wanunue walibaki na mkopo.

Miaka minne na nusu baadaye, tarehe 14 Februari 2022, India ilifunga mlango mwingine. Safari hii bidhaa haikutoka shambani. Ulikuwa ni mchezo wa simu uitwao Free Fire, ambao huchezwa na watu wengi kwa pamoja kupitia intaneti. Jina lake liliwekwa kwenye orodha ya programu 54 zilizopigwa marufuku kwa sababu za usalama wa taifa. Siku hiyo hiyo hisa za Sea, kampuni mama ya mchezo huo, zilianguka kwa takriban asilimia 18 katika soko la New York. Thamani iliyoyeyuka kwa siku moja ilizidi dola bilioni 16 za Marekani.

Kwa mtu wa Babati anayefikiria kuweka mtaji katika biashara ya michezo ya simu, matukio haya mawili yanafaa kusomwa kwa pamoja. Mchezo wenyewe ni wa bure. Swali ni fedha inapita wapi, na kiasi gani kinabaki mjini.

Free Fire ilitengenezwa na 111dots Studio, kampuni ya Vietnam, na mchapishaji wake ni Garena ya Singapore. Garena ilianzishwa mwaka 2009 na Forrest Li, mzaliwa wa Tianjin, China. Mwaka 2017 kampuni mama ilibadili jina na kuitwa Sea, na mwezi Oktoba mwaka huo ikauza hisa New York kwa dola 15 kila moja. Mchezo ulifunguliwa kwa majaribio mwezi Novemba, na toleo rasmi likatoka Desemba 2017.

Garena haikuwa ya kwanza. Aina hii ya mchezo, ambapo watu wengi hushushwa kisiwani na kupigana mpaka abaki mmoja, ilikuwa imeshapata umaarufu mkubwa mapema mwaka huo kupitia PUBG ya Korea Kusini. Lakini PUBG ilianza kwenye kompyuta zenye nguvu, ikiwa na wachezaji 100 na pambano la nusu saa hivi. Garena ilifanya jambo ambalo kila mwenye duka la rejareja analijua: ilipunguza kipimo. Wachezaji wakawa 50, pambano likawa la dakika 10 hivi, picha zikapunguzwa uzito, na mchezo ukakubali kukaa katika simu za bei nafuu zenye kumbukumbu ndogo. Ni sukari ya kupima robo kilo kwa mteja asiyeweza kununua mfuko. Wateja wa namna hiyo walipatikana kwa wingi Brazil, Indonesia na India, na mwaka 2019 Free Fire ndiyo iliyoongoza duniani kwa kupakuliwa miongoni mwa michezo ya simu.

Mtu asiyeucheza anastahili kuelezwa unavyokwenda, kwa sababu namna ya kucheza ndiyo inayoeleza namna ya kulipia. Namna iliyo mama huitwa Battle Royale. Wachezaji huruka kutoka kwenye ndege kwa miavuli wakiwa mikono mitupu. Wakitua huingia majumbani kutafuta bunduki, risasi, fulana za kuzuia risasi na dawa. Eneo salama huonekana kwenye ramani kama duara, na duara hilo hupungua kila baada ya muda. Anayebaki nje huumia mpaka afe, hivyo hakuna anayeweza kujificha pembeni akasubiri wenzake wamalizane. Mtu anaweza kucheza peke yake, wawili, au kikosi cha wanne. Ramani ya kwanza inaitwa Bermuda, nyingine ni Purgatory na Kalahari, na mwaka 2022 ziliongezwa Alpine na Nexterra.

Namna ya pili, Clash Squad, ndiyo ambayo mfanyabiashara angeielewa upesi kuliko zote. Wanne hupambana na wanne katika eneo dogo, raundi kwa raundi, na timu inayotangulia kushinda raundi nne ndiyo mshindi. Kabla ya kila raundi mchezaji hupewa fedha za mchezo, zikiongezeka kulingana na alivyopigana raundi iliyopita, naye hununua silaha. Kijana anayemaliza fedha zote raundi ya pili kwa bunduki ya fahari, halafu akapoteza, huingia raundi ya tatu na bastola. Wengi mjini wamewahi kufunga duka kwa kosa hilo hilo. Fedha hizo lakini ni za ndani ya pambano tu, na pambano likiisha nazo zimekwisha.

Ipo pia Lone Wolf, ya mmoja kwa mmoja au wawili kwa wawili. Hii ndiyo ya kumaliza ubishi wa mtaani.

Fedha halisi inaingia kupitia kitu kiitwacho almasi. Almasi hununuliwa kwa fedha ya kweli, na kwa almasi mchezaji hupata mavazi, rangi za bunduki, wahusika wenye uwezo maalumu na tiketi ya msimu. Mhusika aliyetokana na mwanamuziki DJ Alok wa Brazil aliletwa mwaka 2019. Desemba 2020 akaja Chrono, aliyetokana na Cristiano Ronaldo. Kuna pia droo za bahati, ambapo mchezaji hutoa almasi bila kujua atapata nini. Sehemu hii mzazi angefaa kuiangalia mara mbili, maana haipishani sana na mchezo wa kubahatisha.

Hesabu za Garena zinaonyesha jinsi biashara hii ilivyo nyembamba kwa upande wa walipaji. Katika robo ya tatu ya mwaka 2021 michezo ya Garena, Free Fire ikiwa ndiyo kubwa, ilikuwa na watumiaji milioni 729. Waliolipa chochote walikuwa milioni 93.2, sawa na watu 13 katika kila 100. Hao wachache ndio waliofanya mauzo ya Garena ya mwaka mzima yafike dola bilioni 4.6, na fedha hiyo ndiyo iliyoilisha Shopee, duka la mtandaoni la Sea, ambalo lilikuwa likipata hasara likijitanua. Mwezi Oktoba 2021 hisa iliyouzwa kwa dola 15 ilikuwa imepita dola 360.

Hapo ndipo India inapoingia. Tarehe 2 Septemba 2020 nchi hiyo iliifungia PUBG Mobile, mshindani mkubwa wa Free Fire, kutokana na mgogoro wake na China. Free Fire ilibaki sokoni na mpinzani ameondolewa. Kwa mwaka mmoja na nusu ilivuna katika shamba ambalo jirani amefukuzwa. Kilichosahauliwa ni kwamba mkono uliomfukuza jirani ulikuwa bado upo. Sea ni kampuni ya Singapore, lakini Tencent ya China ilikuwa na hisa nyingi ndani yake. Mwezi Machi 2022 Shopee nayo ilifunga shughuli zake India.

Pamoja na hayo, Waswahili husema mbaazi ikikosa maua husingizia jua, na Sea haiwezi kuisingizia India peke yake. Watumiaji wa Garena walikuwa wameshaanza kupungua kabla ya marufuku: kutoka milioni 729 hadi 654 katika robo ya mwisho ya 2021, wakati watu wengi duniani walikuwa wakirejea kazini na shuleni baada ya Corona. Mwaka 2022 riba ilipanda Marekani, na wawekezaji wakaacha kuvumilia kampuni zenye hasara. Kufikia robo ya mwisho ya 2022 watumiaji walikuwa milioni 485.5 na walipaji milioni 43.6. Mauzo ya mwaka yalishuka hadi dola bilioni 2.8, na mwaka uliofuata hadi bilioni 1.8. Novemba 2022 hisa ilipatikana kwa chini ya dola 45. Maelfu ya wafanyakazi walipunguzwa, na viongozi wa juu wakatangaza kutochukua mshahara.

Kuna jambo dogo ambalo mnunuzi wa mbaazi atalitambua. Toleo la pili la mchezo huo, Free Fire MAX, lililotoka Septemba 2021 likiwa na picha bora zaidi, halikuwamo kwenye orodha ya India. Wachezaji wengi walihamia huko na akaunti zao zile zile. Mwaka 2017 pia ulikuwapo mlango wa pembeni: Msumbiji ilikuwa imetia saini makubaliano ya mbaazi na India mwaka 2016, ya serikali kwa serikali, na mzigo uliokuwa chini ya makubaliano hayo haukuguswa na kikomo kile. Babati haikuwa na toleo la MAX.

Sasa tuje kwenye fedha inayobaki mjini. Biashara ya gemu iliyozoeleka katika miji ya Tanzania ni ile ya kibanda: televisheni, mashine ya PlayStation, benchi, na malipo kwa kila mechi ya mpira. Mwenye kibanda anamiliki mashine, na mteja hana pa kwenda. Free Fire inavunja mpango huo. Mashine ni simu ya mchezaji mwenyewe, mpinzani wake anaweza kuwa Mwanza au Nairobi, na kiingilio hakuna. Anayefungua kibanda cha Free Fire kama cha PlayStation atakuwa anauza kitu ambacho mteja tayari anacho mfukoni.

Almasi nazo si biashara ya kukimbilia. Ikiwa dunia nzima, katika kipindi kizuri kuliko vyote, walilipa 13 katika 100, hakuna sababu ya kutegemea kwamba mji wa wakulima na wachuuzi utazidi hapo. Na fedha ya almasi, ikishatolewa, inakwenda Singapore, ikikatwa njiani na duka la programu. Serikali nayo ina sehemu yake, kwani Julai 2022 Tanzania ilianza kutoza kampuni za nje zinazouza huduma kwa njia ya kielektroniki kodi ya asilimia 2 ya mauzo, mbali na VAT ya asilimia 18.

Lakini wote 100 wanahitaji kifurushi cha intaneti. Wote 100 wanachaji simu, na mchezo wa aina hii hula betri kuliko kupiga simu. Wote siku moja watavunja kioo, na baadhi watataka simu yenye kumbukumbu kubwa zaidi kwa sababu ya zamani imeanza kuganda katikati ya pambano. Wakala wa vocha hupata kamisheni tu, tena ndogo. Fundi wa simu na muuzaji wa simu zilizotumika ndio wenye nafasi ya kupanga bei yao wenyewe. Fundi hategemei Free Fire hasa: mchezo huo ukifungiwa au ukichuja, vijana watahamia mwingine na vioo vitaendelea kuvunjika. Bidhaa ya namna hiyo, isiyomjali mnunuzi mmoja wa mbali, si rahisi kuipata katika mji ambao kila msimu macho yapo kwenye mbaazi.

Anayetaka hisa zenyewe za Sea ajue kwamba ziko New York na si Dar es Salaam, na kwamba mwenye kuzishika kati ya 2017 na 2022 alionja dola 15, akaona 360, akarudi chini ya 45. Baada ya hapo kampuni ilijikusanya. Mwaka 2023 ilipata faida ya mwaka mzima kwa mara ya kwanza. Mwaka 2024 mauzo ya Garena yalipanda tena hadi dola bilioni 2.1, na Free Fire ilikuwa na wachezaji wanaozidi milioni 100 kwa siku.

Mlango wa India ulifunguliwa kwa mbaazi mwezi Mei 2021, na ruhusa hiyo imekuwa ikiongezwa muda kwa vipande. Nyongeza iliyotangazwa Januari 2025 ilifika mpaka tarehe 31 Machi 2026. Kwa Free Fire, Garena ilitangaza kwamba ingerudi India rasmi tarehe 5 Septemba 2023. Siku moja kabla, ikaahirisha.